Seva ya Pili ya Barua Pepe: Kinga ya Nini Hasa?

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilikatika upande wa kusini mwa Afrika, na intaneti ikazorota kuanzia Dar es Salaam hadi Nairobi, Kampala na Kigali. Karibu miezi tisa kabla yake, usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, umeme ulizimika karibu Kenya nzima, na hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukakaa gizani. Kila linapotokea jambo la namna hii, swali lilelile huibuka mezani katika vyuo, hospitali, vyama vya ushirika na ofisi za mawakili zinazoendesha seva zao za barua pepe: je, tuweke seva ya pili?

Swali hilo hujibiwa haraka mno. Mashine hununuliwa, hufungwa kando ya ile ya kwanza, mstari mmoja huongezwa kwenye rekodi za kikoa, na uongozi huambiwa kwamba barua za ofisi sasa zina kinga. Naona hapo mahitaji mawili yamechanganywa. La kwanza ni kwamba barua inayokuja leo iingie hata kama mtambo umezimika. La pili ni kwamba barua iliyoingia miaka minne iliyopita ipatikane siku itakapotakiwa, ikiwa kamili, pamoja na viambatisho vyake. Mashine inayotimiza hitaji la kwanza haitimizi la pili. Ofisi nyingi hulipia lile la kwanza, ambalo mfumo wa barua pepe wenyewe umekwisha kulitimiza kwa sehemu kubwa bila malipo, na lile la pili hubaki wazi mpaka siku wakili, mkaguzi au mjane wa mfanyakazi anapokuja kuuliza.

Tuanze na jinsi barua inavyosafiri. SMTP, itifaki inayobeba barua pepe kati ya seva duniani kote, iliandikwa na Jon Postel mwaka 1982, kwa mtandao ambao haukutegemewa kuwa hewani saa zote. Januari 1986 Craig Partridge alieleza jinsi ya kutumia rekodi za MX: kila kikoa kinatangaza katika DNS, mfumo wa majina ya mtandao, ni seva zipi zinazopokea barua zake, na kila seva ina namba yake ya upendeleo. Yenye namba ndogo hujaribiwa kwanza. Isipojibu, mtumaji hugeukia inayofuata. Asipojibiwa na yeyote, hatupi barua. Anaiweka kwenye foleni yake mwenyewe na kujaribu tena baadaye. Mwongozo wa SMTP wa Oktoba 2008 unataka majaribio hayo yaachane kwa nusu saa au zaidi, na unataka mtumaji asikate tamaa kabla ya siku nne au tano. Postfix, mojawapo ya programu za seva zinazotumika sana, huishikilia barua kwa siku tano kama haikupangwa vinginevyo. Exim hushikilia kwa siku nne.

Sasa chukua ofisi iliyoko Morogoro ambayo umeme wake umekatika Ijumaa jioni na kurudi Jumamosi mchana. Barua zake zote za usiku ule ziko kwenye foleni za waliozituma, zinasubiri. Umeme ukirudi zitaingia moja baada ya nyingine, zimechelewa lakini hazikupungua. Kasoro zipo: mitambo inayotuma namba za uthibitisho au taarifa za malipo mara nyingi haina subira ya siku tano, na mwandishi wa kawaida anaweza kupokea onyo kwamba barua yake imekwama, akadhani ofisi imefungwa. Hata hivyo kwa kukatika kwa saa kadhaa, au hata siku mbili, hakuna barua ya maana inayopotea.

Hatari kubwa iko kwenye seva inayowaka huku ndani imeharibika. Katika SMTP kila jibu huanza na namba. Jibu linaloanza na 4 humwambia mtumaji asubiri na kurudi. Linaloanza na 5 humwambia kwamba amekataliwa moja kwa moja. Tuseme hifadhidata ya majina ya watumishi imerudishwa baada ya hitilafu, lakini nusu ya majina hayamo. Kama hifadhidata isingefikika kabisa, Postfix ingejibu kwa 4 na barua zingesubiri. Inapofikika ikiwa na mapengo, seva hujibu kwa uhakika wote, 550, hakuna mtu wa jina hilo. Barua humrudia mwandishi papo hapo, na mitambo ya kutuma matangazo na ankara hulifuta jina la mpokeaji kwenye orodha zake. Saa mbili za hali hiyo huleta madhara makubwa kuliko siku mbili za giza. Na hapa seva ya pili haina msaada wowote, kwa sababu mtumaji aliyekwisha kuambiwa 5 na seva ya kwanza hana sababu ya kugonga mlango wa pili. Tiba yake ni nidhamu ya fundi. Kabla ya matengenezo awashe mpangilio wa Postfix uitwao soft_bounce, unaogeuza kila kukataa kwa kudumu kuwa kukataa kwa muda, na asiuzime mpaka ahakikishe majina yote yamo.

Mbona basi ushauri wa kuweka seva ya pili ya kupokea barua umeenea hivi? Umetokana na mazingira yaliyokuwa ya kweli kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mashirika ya Nairobi yalipokea barua pepe kwa simu, kwa mtandao wa Fidonet, kupitia lango la GreenNet lililokuwa London. Barua zilikusanywa upande ule, simu ikapigwa, zikavutwa kwa mkupuo, simu ikakatwa kwa sababu dakika ziligharimu. Ofisi iliyoonekana mtandaoni kwa saa moja au mbili kwa siku ilihitaji mashine ya jirani iliyo hewani muda wote, ya kuipokelea na kuitunzia. Agosti 1996 SMTP iliongezewa hata amri maalumu, ETRN, ambayo seva iliyotoka kujiunga iliitumia kuiambia ile ya pili: nimefika, nipe barua zangu. Mpango huo ulikuwa na maana kubwa wakati wake, na bado una maana kwa kituo cha kisiwani au cha utafiti porini kinachotegemea kiungo kinachoweza kukatika kwa zaidi ya siku tano. Mwenye seva yake ya kusubirishia anaamua mwenyewe foleni ikae muda gani, na Postfix inaruhusu hadi siku 100.

Kwa ofisi ya mjini hali imegeuka, na seva ya pili ya kusubirisha tu imekuwa udhaifu. Watuma barua taka waligundua zamani kwamba seva yenye namba kubwa ya upendeleo husimamiwa kwa ulegevu, hivyo huiendea hiyo kwa makusudi hata wakati ile ya kwanza iko wima. Seva ya namna hii ni bawabu anayepokea vifurushi vya jumba zima bila kuwa na orodha ya wapangaji. Anachukua kila kinacholetwa, kisha akipanda juu anaambiwa kwamba mtu huyo hakai hapa. Kifurushi kiko mikononi mwake, mletaji ameshaondoka, na jina lililoandikwa nyuma yake ni la kughushi. Akilifuata jina hilo anamrudishia mtu asiyehusika kabisa. Kwa lugha ya mtambo, seva yako inaanza kutuma maelfu ya taarifa za kushindwa kwa watu ambao hawakuandika chochote, na ndani ya siku chache anwani yake inaingizwa kwenye orodha nyeusi.

Kuna la pili lisiloonekana upesi. Seva ya kwanza hupima kama barua imetoka kwenye anwani iliyoruhusiwa na mwenye kikoa; hicho ndicho kipimo cha SPF. Barua ikipitia seva yako ya pili, ile ya kwanza inaona anwani ya seva ya pili, si ya mtumaji halisi, na inaweza kuikataa barua halali ya mteja wako. Ni lazima kipimo kifanyike kwenye mlango wa pili na matokeo yake yaaminiwe na mlango wa kwanza. Saini ya DKIM, ambayo mtumaji huiweka ndani ya barua yenyewe, huvuka salama ikiwa hakuna aliyebadili maandishi njiani.

Kwa hiyo anayeweka seva ya pili ya kupokea hana budi kuipa kila kitu kilichoko kwenye ya kwanza. Orodha kamili ya wapokeaji isasishwe kila inapobadilika, vichujio vya barua taka viwe vilevile, vyeti vya usalama viwe hai, na uangalizi uwe wa kila siku. Anayeona hilo ni zito asiweke kabisa. Watumaji wenyewe watamtunzia barua zake, kwa foleni zilizo bora kuliko yake.

Ngazi inayofuata ni seva pacha: mashine mbili zenye visanduku vilevile, moja ikianguka watu wanaendelea kusoma na kuandika kwenye nyingine. Hii ni kazi ya kweli na ina wanaoihitaji. Hospitali inayopokea majibu ya maabara kwa barua pepe haiwezi kungoja Jumamosi mchana. Cyrus, seva ya visanduku iliyotoka Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, ina unakili wa namna hiyo ndani yake. Dovecot, iliyoanzishwa na Timo Sirainen mwaka 2002, nayo ilikuwa na unakili wa papo kwa papo, lakini toleo huria la 2.4 la mwaka 2025 liliuondoa. Amri ya kulinganisha visanduku viwili bado ipo, ila sasa fundi ndiye anayepanga iendeshwe lini. Nalitaja hili kwa sababu kuna ofisi zilizojenga mpango wao wote juu ya kipengele kile, na siku zitakaposasisha programu bila kusoma maelezo zitabaki na seva pacha iliyoacha kufuata mwenzake.

Ugumu wa seva pacha uko kwenye vile vitu ambavyo mashine hizo mbili zinavishiriki bila mtu kuviona. Kuweka zote mbili kwenye chumba kimoja ni kushiriki umeme, jenereta, kiyoyozi, na bomba la maji linalopita darini. Machi 10, 2021 kituo cha data cha kampuni ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa, kiliteketea kwa moto, na baadhi ya wateja wakagundua kwamba nakala zao za akiba zilikuwa kwenye eneo lilelile. Kushiriki DNS ni kosa la kawaida zaidi. Kama seva za majina za kikoa chako ziko kwenye mashine ileile iliyozimika, hakuna mtumaji atakayejua kwamba unayo seva ya pili, wala iko wapi. Tangu mwaka 1997 mwongozo wa DNS umesisitiza seva za majina ziwe mahali tofauti kijiografia na kimtandao. Kuweka seva ya majina ya pili ni rahisi mno ukilinganisha na seva ya barua ya pili, na kwa maoni yangu itangulie siku zote.

Mikongo ya baharini nayo inaleta hesabu yake. Ofisi iliyoko Dar es Salaam ikiweka pacha wake Ulaya imejikinga na umeme wa Dar, na imebaki mikononi mwa mikongo. Mei 2024 seva ya ng'ambo ilikuwa nzima, ikifanya kazi, lakini haikufikika vizuri. Ikiweka pacha Arusha au Dodoma, kwa mtoa huduma aliyeunganishwa na kituo cha ndani cha kubadilishana data, barua za mteja wa ndani zinaendelea kuja kwa njia za nchi kavu hata baharini kukiwa na hitilafu. Tanzania ina vituo hivyo Dar es Salaam na Arusha, na Kenya ina KIXP. Sharti ni kwamba mnyororo mzima uwe ndani: seva za majina, seva za barua na kichujio cha barua taka. Kichujio peke yake kikiwa ng'ambo, barua kutoka Kariakoo kwenda Posta huvuka bahari mara mbili. Nashauri pacha akae mkoa mwingine ndani ya nchi, na nakala ya hifadhi ikae nje ya nchi pale sheria inaporuhusu. Pacha anahitajika leo. Hifadhi inaweza kungoja mkongo uungwe.

Wengi pia husahau barua zinazotoka. Siku unapohamia kwenye pacha, anwani yake ndiyo itakayotuma. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza masharti kwa wanaotuma kwenye visanduku vyao. Anwani ya pacha isipotajwa kwenye SPF ya kikoa, isipokuwa na jina linalolingana nayo katika DNS ya kinyume, au ikiwa haijawahi kutuma barua hata moja kabla ya siku ya dharura, majibu yako kwa wateja yataishia kwenye kapu la taka wakati ule ule unapohitaji kusikika. Pacha apewe sehemu ya barua za kila siku azitume, ili afahamike mapema.

Sasa nifike kwenye kiini. Seva pacha, hata iwe bora namna gani, si hifadhi ya kumbukumbu. Kazi yake ni kufanana na mwenzake, na inafanana naye katika mabaya pia. Mhasibu akifuta kisanduku, kinafutika kwa pacha baada ya sekunde chache. Programu ya kudai fidia ikiyafunga mafaili, nakala zilizofungwa husambazwa kwa uaminifu uleule. Mfano mkubwa ninaoukumbuka ni wa Gmail, mwishoni mwa Februari 2011. Google walikuwa na nakala za kila kisanduku katika vituo vya data zaidi ya kimoja, lakini programu mpya ya uhifadhi ilikuwa na kasoro, na kasoro hiyo ikagusa nakala hizo zote. Watumiaji asilimia 0.02 hivi walifungua visanduku vyao wakavikuta vitupu. Barua zilirudi kwa sababu moja: kulikuwa na nakala nyingine kwenye kanda za sumaku, zikiwa nje ya mtandao, mahali ambapo kasoro ile haikuweza kufika. Desemba 2022 Rackspace ya Marekani ilishambuliwa na programu ya kudai fidia kwenye huduma yake ya barua pepe ya Exchange. Huduma hiyo haikufufuliwa tena, na wateja walihangaika kwa wiki kadhaa kutafuta barua zao za zamani.

Wanaotumia huduma za wingu wasidhani haya yanawahusu wenye seva tu. Katika Google Workspace, akaunti ya mfanyakazi ikifutwa, msimamizi ana siku 20 tu za kuirudisha. Katika Microsoft 365 ni siku 30. Afisa ununuzi anaacha kazi Juni, akaunti yake inafutwa ili kuokoa malipo ya leseni, na Septemba mgavi anakuja na madai ya barua aliyoandikiwa Machi. Kwa upande wa ofisi, barua hiyo haipo tena popote.

Je, barua zihifadhiwe muda gani? Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya Tanzania ya mwaka 2015, na Sheria ya Taratibu za Kodi ya Kenya ya mwaka huohuo, zote zinataka kumbukumbu za kodi zitunzwe miaka mitano. Madai yanayotokana na mkataba yanaweza kufunguliwa ndani ya miaka sita katika nchi zote mbili. Kwa hiyo miaka sita ni kiwango cha kuanzia kwa barua za biashara. Kwa upande wa pili, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ile ya Kenya ya mwaka 2019, zinakataza taarifa za watu kukaa muda mrefu kuliko zinavyohitajika. Hifadhi isiyo na tarehe ya kufuta ni kosa, kama ilivyo hifadhi isiyokuwepo. Wafanyakazi waambiwe kwa maandishi kwamba barua za kazi zinahifadhiwa, na hifadhi isifunguliwe na mtu mmoja peke yake. Naomba hili lisichukuliwe kama urasimu. Ndani ya barua hizo kuna majibu ya vipimo, kesi za nidhamu na siri za familia za watu wanaotuamini.

Mahakamani kinachopimwa ni jinsi barua ilivyotunzwa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya mwaka 2015 inaitaka mahakama itazame uaminifu wa njia iliyotumika kuutengeneza, kuuhifadhi na kuusafirisha ujumbe, pamoja na jinsi uhalisi wake ulivyolindwa. Nchini Kenya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kimewazoeza mawakili kuleta hati inayoeleza nakala ilipatikanaje na kwa chombo gani. Uzito wa jambo hili ulionekana Florida mwaka 2005, benki ya Morgan Stanley iliposhindwa kutoa barua pepe zake ilivyotakiwa katika kesi iliyofunguliwa na mfanyabiashara Ronald Perelman. Kanda za akiba ziliendelea kugunduliwa baada ya benki kudai imekwisha kuleta kila kitu. Jaji alikasirika, akaamuru baraza la wazee wa mahakama lichukulie kwamba sehemu kubwa ya madai imethibitika, na hukumu ikapita dola bilioni 1.4. Mwaka 2007 mahakama ya rufaa iliitengua kwa sababu zilizohusu ushahidi wa hasara, lakini kwa miaka miwili benki kubwa ya Marekani ilikuwa imebanwa ukutani na uhifadhi wa ovyo wa barua.

Hifadhi nzuri basi ikoje? Kwanza, barua inakiliwa mlangoni, inapoingia na inapotoka, kabla haijafika mikononi mwa mtu anayeweza kuifuta. Postfix ina mpangilio wa always_bcc unaotuma nakala ya kila barua kwenye anwani moja. Ni rahisi, na una pengo: orodha halisi ya wapokeaji haimo ndani ya barua yenyewe, hivyo aliyenakiliwa kwa siri hataonekana kwenye nakala. Katika mgogoro, mara nyingi ni huyo ndiye anayetafutwa. Programu inayosikiliza mazungumzo ya SMTP yenyewe, au mfumo wa Exchange unaoifunga kila barua ndani ya taarifa inayotaja wapokeaji wote, huliziba pengo hilo.

Pili, seva ya hifadhi ivute, isisukumiwe. Ikiwa seva ya kwanza ina nenosiri la kuandika kwenye hifadhi, mvamizi aliyeiteka ameipata na hifadhi. Hifadhi ndiyo iende kuchukua, kwa haki ya kusoma tu, na seva ya barua isijue hata pa kuigonga. Nywila za usimamizi ziwe tofauti, na kama inawezekana zishikwe na mtu tofauti. Kila siku ikifungwa, alama ya SHA-256 ya barua za siku hiyo ichukuliwe pamoja na ya siku iliyotangulia, na nakala ya alama hizo ikae nje ya ofisi. Mtu akibadili herufi moja katika barua ya miaka mitatu iliyopita, mnyororo utasema. Na nakala moja ya hifadhi, kwenye diski au kanda, ikae imechomolewa kabisa. Bila nakala iliyochomolewa, Gmail wasingekuwa na pa kurudi.

Watu huogopa ukubwa wake bila sababu. Tuchukue ofisi ya watu 40, kila mmoja akipokea na kutuma barua 60 kwa siku, kila barua kwa wastani kilobaiti 150. Hizo ni megabaiti 360 kwa siku, kama gigabaiti 90 kwa mwaka wa siku 250 za kazi. Miaka sita ni gigabaiti 540, na diski moja ya terabaiti inaimeza. Hesabu hiyo hata haijapunguzwa kwa kuhifadhi mara moja tu kiambatisho kilichotumwa kwa watu 40. Faili la PDF la megabaiti 9 husafiri likiwa megabaiti 12, kwa sababu barua pepe hugeuza kila baiti tatu kuwa herufi nne, na programu za hifadhi zinazofungua na kubana viambatisho hurudisha nafasi hiyo.

Jambo moja linalotuhusu sisi tunaoandikiana kwa Kiswahili halimo kwenye miongozo mingi: kutafuta. Injini za kutafuta zilijengwa kwa lugha ambazo neno hubadilika mwishoni. Kitenzi chetu hubadilika mbele na nyuma. Anayetafuta neno lipa kwenye hifadhi ya kawaida hataiona barua iliyoandikwa tulilipa, watakulipa au hamjalipa, na atamwambia mkaguzi kwamba hakuna kitu. Dawa ni kuwasha utafutaji wa vipande vya ndani ya neno, ambao injini ya Flatcurve ya Dovecot inao kama chaguo, na injini nyingine, Solr, inaweza kupangwa kuufanya. Faharasa itakuwa kubwa zaidi na polepole zaidi. Kubali gharama hiyo; hifadhi isiyoweza kutafutwa kwa lugha ya wanaoitumia haijakamilika.

Kilichobaki ni kujaribu, na hapa ndipo ofisi nyingi huanguka. Nakala huchukuliwa kila usiku, ripoti ya kijani hutumwa kila asubuhi, na hakuna aliyewahi kurudisha hata kisanduku kimoja. Fundi aliyepanga ameondoka, ufunguo wa kufungulia diski iliyosimbwa uko kwenye simu yake, na karatasi ya maelekezo haikuandikwa. Kurudisha kisanduku kizima mara moja kila robo mwaka, kwa mkono wa mtu ambaye si aliyeupanga mfumo, ni kazi ya asubuhi moja. Wakuu wa ofisi waiweke kwenye ratiba kama wanavyoweka ukaguzi wa hesabu.

Kwa ofisi yenye bajeti ya mashine moja tu mwaka huu, uamuzi wangu ni huu: inunue ya hifadhi. Seva ya majina ya pili ifuate, kwa gharama ndogo. Seva pacha ije pale tu ofisi inapoweza kutaja hasara ya kukosa barua kwa saa tatu, na kuwa na fundi wa kuziangalia zote mbili. Ile ya kusubirisha foleni iachwe kwa wale ambao mtandao wao hupotea kwa wiki nzima. Na wewe unayeongoza ofisi, wiki hii mwombe fundi wako akuletee barua moja ya mwaka 2021, pamoja na kiambatisho chake na orodha kamili ya walioipokea. Akishindwa kuileta kabla ya jioni, anza kazi hii kesho.